Bamba la Boti na Bamba la Ndege

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na nina ugonjwa wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikiuliza kwa nini mkunga ana mikono ya baridi. Ugonjwa huo haukunisumbua sana mpaka miaka ya vita, boti aliyoiendesha mume wangu ilipoanza kupasuka mahali palepale kila mara.

Boti haikuwa yake, ilikuwa ya zahanati. Ilikuwa ya alumini, nyepesi, na injini yake ilining'inia nyuma. Barabara ya kwenda kusini ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, na hakuna aliyekuwa na hakika ni bunduki za nani wiki hii. Mwanamke wa Zongwe, kijiji cha huko kusini, ambaye uchungu wake wa kuzaa umekwenda vibaya alikuwa na njia moja tu, nayo ni ziwa. Wavuvi walileta habari sokoni kwamba huko kuna mtu, habari ikafika zahanati, na mume wangu akajaza mafuta akaondoka. Kwa hiyo boti ikipasuka katikati ya ziwa, hafi yeye peke yake. Hilo nilikuwa nalijua kila nilipomfungia chakula chake.

Chanzo cha yote kilikuwa risasi. Askari walikuwa wakigombana wao kwa wao bandarini, na risasi moja ikapiga bamba la nyuma, lile linalobeba injini, ikalichana nusu ya juu. Bamba la aina yake halikupatikana katika mji wetu wote wa Kalemie. Lakini karibu na uwanja wa ndege kulikuwa na ndege ya mizigo iliyoanguka, na watu walikuwa wameikata vipande tangu zamani. Miaka ile tulipikia ndege, tukapakulia kwa ndege, na kuku wa jirani yangu walilala ndani ya ndege. Fundi wa kulehemu wa sokoni akaleta kipande kinene cha sakafu yake, akakipiga ngumi na kusema, "Aliminiyo njo aliminiyo," yaani alumini ni alumini tu. Sote tukakubali, na mimi mwenye diploma nikakubali pia. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu.

Akaunga kwa moto wa gesi. Mshono ulikuwa mzuri, ungefikiri umesukwa. Safari ya pili, mume wangu alipofungua injini kwa nguvu, bamba likapasuka. Alirudi kwa kasia, mabega yamevimba, injini imelazwa miguuni pake. Fundi akaunga tena kwa moto mkali zaidi, na baada ya wiki chache pakapasuka tena.

Mara ya tatu mume wangu hakuniambia. Nilimpelekea chakula ufukweni nikaona rangi mpya, lakini mahali pamoja tu, ukanda mwembamba nyuma ya boti.

"Hii rangi njo ya nini?" nikamwuliza.

"Ya urembo," akasema.

Urembo! Mtu ambaye hata viatu hajawahi kuvipaka rangi! Nikachukua ufunguo wa nyumba nikakwaruza. Chini ya rangi palikuwa na lami, na chini ya lami palikuwa na ufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na nilimwambia hivyo palepale, wauza dagaa wote wakisikiliza. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu.

Alinijibu kwa sauti ya chini. "Na wagonjwa watakuya na nini? Na miguu?" Mtu wa kuuliza akiulizwa yeye hukasirika mara mbili. Nilitangulia nyumbani, sikumngoja. Lakini nilikuwa nimeona kitu. Ufa haukupita kwenye mshono. Ulipita pembeni yake, kwa upana wa kidole, upande wa bamba la ndege, umenyooka kana kwamba mtu amepiga rula. Nikakumbuka kwamba hata mara zile mbili za kwanza ilikuwa hivyohivyo. Mshono ulikuwa mzima, kilichokufa ni jirani yake. Kwa nini?

Nilimpelekea swali hilo mzee mmoja wa karakana ya reli, rafiki wa marehemu baba yangu na mwenzake wa kazi. Ujana wake wote alichonga vyuma pale, na hata sasa, treni ikipita kwa nadra kama mgeni, alifika kila asubuhi saa ileile, amevaa ovaroli yake ya bluu iliyofuliwa, akazipangusa mashine moja moja. Umeme ulitoka mbali, kwenye mtambo wa maji wa Bendera. Nyaya zikiwa nzima, uliwaka saa chache za asubuhi. Zikikatwa huko porini, tulikaa wiki nzima tukiangaliana. Kila mara alijaribu swichi kwanza ndipo akasalimia.

Nilimwekea vipande vilivyovunjika mezani. Akavigeuza, akavinusa hata, kisha akasema moto umevishinda. "Tuache moto, Madamu. Tupige riveti."

Tukapanga mabamba mawili ya kujaribia, la boti chini, lililokatwa kwenye ile nusu iliyochanwa na risasi, na la ndege juu, akaanza kutoboa tundu la riveti, ule msumari wa kubania. Keke yake ya kutobolea ilivunjika ncha palepale mwanzoni, na nyingine haikupatikana, basi akaendelea na kile kigutu. Kigutu hakikukata. Kilizunguka tu, yeye akaegemea mkono wa mashine kwa uzito wake wote huku akitukana kwa Kiholoholo, alumini ikaanza kupakaa na kuviringika kama ugali chini ya mwiko. Alipokiinua hapakuwa na tundu. Palikuwa na duara lililong'aa.

"Imeharibika," akasema, akavuta bamba la juu alitupe. Halikutoka. Akaingiza patasi katikati akapiga nyundo. Halikutoka. Akaniangalia.

Nakumbuka nilipiga kofi kama mtoto. Hapakuwa na moto wa gesi wala dawa ya kulehemu, wala hakuna kilichoyeyuka kikatiririka. Chuma butu kimekoroga alumini mbili bila kuziyeyusha, zikashikana. Mzee alisikitikia bamba lake. Mimi nilimwomba aharibu lingine.

Kuanzia hapo nilikuwa karakana kila asubuhi yenye umeme. Shule ilikuwa imefungwa nusu, madarasa yamelaliwa na watu waliokimbia vijiji, kwa hiyo hakuna aliyenitafuta. Mzee alichukua shina la vali ya injini ya lori, chuma kinachovumilia moto, akalichonga likawa na bega pana na chini yake kitovu kifupi. Akalifunga katika mashine yake ya kuchongea, ile ambayo kichwa chake kinazunguka na meza yake inatembea. Mabamba mawili yaliwekwa ubavu kwa ubavu, yakabanwa, kile kitovu kikazama kwenye mpaka wao kikizunguka, na meza ikatembea polepole. Nyuma yake ulibaki mshono wenye vijiduara vidogo vinavyofuatana. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba ughaibuni kuna watu wenye maabara zao wanaunga hivyohivyo, tena wanajua jina lake. Nilisikia wivu kidogo, nakiri. Sisi tuliuita mukorogo.

Mshono wetu wa kwanza tuliubana kwenye eto, kile kibanio cha mezani, nikaanza kuukunja huku na huku. Nilitaka uvumilie mikunjo kumi. Mkunjo wa nne ukavunjika. Ulivunjika pembeni tena, upande wa ndege.

Mzee alikaa chini. Mimi nilishika kile kipande nikakwaruza kwa msumari. Juu ya bamba la ndege msumari uliteleza, lakini karibu na mshono uliingia. Kumbe! Bamba la ndege lilikuwa gumu kuliko la boti, ndiyo maana fundi wa sokoni alilipenda. Lakini ukanda ule ulikuwa umelegea ukawa laini. Si alumini moja hata kidogo. Moja imezaliwa laini na haijali joto sana. Nyingine imefanywa ngumu kiwandani kwa namna fulani, na joto linaisahaulisha ugumu wake.

Nilitaka kupima, sikutaka kukisia. Nikachukua gololi kubwa ya beringi ya behewa, nikaidondosha ndani ya bomba lililosimama wima, kila mara kutoka juu palepale, na kila ilipotua ikaacha kishimo. Kishimo kipana ni chuma laini, kishimo chembamba ni chuma kigumu. Kwa lenzi ya maabara ya shule na rula nilivipima vyote, kutoka mshono kwenda pembeni. Ilionekana wazi, ukanda laini wenye upana wa kiganja changu. Mzee aliniita mwendawazimu wa vishimo. Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta amenitangulia, anadondosha gololi peke yake.

Sasa swali likawa: joto linafika wapi? Nikadondosha nta ya mshumaa juu ya mabamba, matone kwa mistari, kisha tukaunga. Matone yaliyeyuka mpaka upana wa kiganja changu na zaidi kidogo. Ukanda wa nta na ukanda wa vishimo ulikuwa karibu uleule. Niliukodolea macho ule mstari wa nta mpaka mzee akaniuliza kama nasali.

"Papa," nikasema, "tufanye yote ndani ya mayi, joto isitembee."

Aliposikia habari ya maji alicheka kwanza. Alipoona sicheki, akakasirika. "Hii mashini haikuzaliwa kuoga. Miye naipangusa kila siku juu ya kutu, wewe unataka kuimwangia mayi? Na tena, chuma ya moto ukiitia mu mayi inakuwa sawa sahani, inavunjika."

"Hii si chuma, Papa. Ni aliminiyo."

"Nani alikwambia aliminiyo haiko chuma?"

Hapo alikuwa na haki kidogo, maana sikuwa na hakika. Fundi wa chuma anajua kwa mikono yake kwamba maji hukifanya chuma cha moto kiwe kigumu na chepesi kuvunjika. Mimi nilikuwa na vitabu vitatu vilivyonusurika na mchwa, na hakuna hata kimoja kilichosema neno juu ya jambo hili. Nikamwambia tu kwamba mpaka sasa nje ya maji tumeshindwa, na kushindwa ndani ya maji kutakuwa angalau kushindwa kupya. Siku mbili aliendelea kupangusa mashine zake tu. Siku ya tatu akaleta lile beseni pana la bati ambamo walikuwa wakioshea vipuri kwa mafuta taa. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu na sabuni mpaka likang'aa. Akalifunga juu ya meza ya mashine, akafunika nyaya zote kwa mpira wa gurudumu, akaniamuru nisimame mbali na swichi na nisiguse kitu chochote ila ndoo.

Niliteka maji ziwani. Tukayabana mabamba yenye matone ya nta ndani ya beseni, maji yakapita juu yake kwa vidole viwili. Shina la vali likazama, likaanza kuzunguka, maji yakafuka karibu nalo yakawa na kelele ya kukaanga. Kisha nikaona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona: matone ya nta yaliyo karibu na mshono yakaachia bamba, yakapanda juu, yakaelea. Mengine yote yalibaki chini yameshika mahali pake. Joto halikutoka zaidi ya upana wa kidole. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa lango akaja na rungu.

Tulifurahi mapema. Mshono huo ulivunjika mkunjo wa pili, vibaya kuliko wote, na safari hii ukavunjika katikati kabisa. Ndani yake kulikuwa na tundu refu, kama njia ya mchwa. Mzee aliokota vipande kwa adabu, na adabu yake ilinichoma kuliko kama angenicheka.

Ila ni yeye aliyeelewa. Aliingiza kijiti cha kiberiti katika tundu lile, akakichezesha, akasema, "Haraka haraka haina baraka. Mayi inakula moto, na sisi tunakimbia sawa vile tuko inje. Chuma haina muda ya kurudia nyuma, inaacha shimo." Akabadilisha gia, kichwa kikazunguka kwa kasi zaidi na meza ikatembea pole, nusu ya mwendo wa kwanza. Mimi nikateka maji mapya kila yalipopata joto mkononi.

Mshono ule ulivumilia mikunjo kumi. Ukavumilia kumi na moja. Mkunjo wa kumi na nne ukaanza kuchanika, na ulichanika upande wa bamba la boti, mbali na mshono. Kwa mara ya kwanza bamba la ndege halikuwa jirani mgonjwa. Nilidondosha gololi: ukanda laini ulikuwepo bado, lakini mwembamba na haukuwa laini sana. Mzee alipokea vipimo vyangu, akavisoma, akavua kofia yake. Ni mara moja tu nilimwona bila kofia.

Sasa ilibaki kuunga bamba lenyewe. Bamba la nyuma la boti lilikuwa limefungwa kwa bolti, kwa hiyo lilitolewa, mzee akakata nusu ya juu yote iliyochoka, akalinganisha kingo. Kutoka katika ndege tulikuwa tumebaki na kipande kimoja kinachotosha. Vingine vyote nilikuwa nimevivunja mimi, kwa ajili ya kujua. Tulitia nusu zile mbili ndani ya maji asubuhi moja umeme ulipokuja, tukaunga upande wa mbele kisha upande wa nyuma. Mshono ukatoka safi.

Nikautazama, na badala ya kufurahi nikashikwa na wasiwasi. Mishono yote niliyoijua niliijua kwa kuivunja. Huu sikuweza kuuvunja. Nikasema tusubiri. Nilitaka mzee aunge vipande vidogo vya kando, nivipime kwanza, labda kwa siku tatu, labda wiki, kutegemea umeme.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, sikumwona alivyoingia. "Kule Zongwe kuko mama mumoja," akasema. "Siku ya pili leo. Mutoto amelala vibaya. Wavuvi wamefika sasa hivi."

"Boti haijapimwa."

"Miye minaenda."

"Unaenda na mushono ambao sijui kama ni nzima?"

"Ile ingine nilijua haiko nzima, na nilienda," akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa tayari ameshika bamba kwa mikono miwili.

Nilikuwa na hamu ya kumrushia gololi. Niliogopa ajifie na mgonjwa wake juu ya kitu nilichokibuni mimi, na niseme maisha yangu yote kwamba kingehitaji siku tatu zaidi. Na papo hapo nilijua kwamba ule uchungu wa siku mbili haungoji umeme wa Bendera. Yote mawili yalikuwa kweli, na fizikia haikunisaidia kuchagua.

Mzee ndiye aliyemaliza ubishi. Karakana ile ina desturi yake, ya tangu enzi za meli na mabehewa: anayeunga kitu cha kubeba watu, ndiye anayekipanda safari ya kwanza. Aliyeunga behewa hukaa ndani yake, aliyeunga mashua huingia majini nayo. Baba yangu alilishika sharti hilo, na mzee amelishika mara nyingi. Nilimgeukia, nikidhani atachukua koti lake.

"Mikono ni ya miye," akasema, "lakini mawazo njo yako. Wewe njo uliunga, Madamu. Enda na bwana yako."

Nimezaliwa kando ya ziwa na sijui kuogelea. Hilo mzee alilijua, mume wangu alilijua, na wote wawili walingoja nijisemee. Nikafunga kitambaa kichwani vizuri. "Basi mufunge izo bolti," nikasema.

Tuliondoka kabla ya saa sita. Ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi ya upepo wa mchana, yale yanayoinua boti na kuiangusha bila kuipa nafasi ya kupumua. Nilikaa nyuma kabisa, kiganja changu kimebanwa juu ya mshono. Nilijiambia kwamba nafanya uchunguzi. Niliusikia mtetemo wa injini ukipanda kwenye bamba la ndege, ukavuka mpaka, ukashuka kwenye bamba la boti, nao haukubadilika ulipovuka. Hiyo ilikuwa habari njema, nami nilitapika mara tatu katikati ya habari hiyo njema. Mume wangu aliniuliza kama nataka kubadilisha mahali. Nilimwambia asiongee na mwanasayansi akiwa kazini. Akacheka, cheko la kwanza kati yetu tangu siku ya ile rangi.

Watu wa Zongwe walitungoja ndani ya maji mpaka kiunoni. Mwanamke alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, midomo imekauka, amefungwa katika vitenge viwili. Walimlaza sakafuni kwenye godoro la majani, kichwa chake upande wangu. Mama yake alitaka kuja, lakini mume wangu alihesabu uzito, akakataa, na yule mama akaniangalia mimi. Aliniangalia tu, hakuniagiza neno, kisha akausukuma ubavu wa boti kwa mikono yake mwenyewe.

Kurudi kulikuwa kugumu zaidi. Upepo ulitupiga usoni, boti sasa ilikuwa nzito, na mume wangu alifungua injini yote. Pale ndipo bamba lilipokuwa likipasuka siku zote, injini ikifunguliwa yote. Nilirudisha kiganja changu juu ya mshono, nikaushika kwa nguvu hata mkono ukafa ganzi. Kila wimbi lilipotuinua nilisubiri mlio. Nilihesabu vishindo kama nilivyohesabu mikunjo kwenye eto: kumi, kumi na moja, kumi na nne. Nikapita kumi na nne. Nikafika mia nikaanza upya. Maji yaliingia kwa mbele, nyuma hapakuingia tone. Ndani ya hofu yangu yote, mahali fulani, nilikuwa nauliza kama ukanda laini unachoka kwa idadi ya mitetemo au kwa ukubwa wake, na ningepimaje.

Uchungu ulimrudia mwanamke yule. Alijikunja, akauma kona ya kitenge, mkono wake ukapapasa sakafu ukitafuta cha kushika, ukashika ukingo wa boti, ukateleza. Ulipompita, alifungua macho akaniona nimejipinda nyuma pale, mkono wangu umelikumbatia bamba.

"Mama," akasema, "unashika nini pale?"

"Nashika mushono wa boti."

Alifikiri. Alikuwa anahema. "Mukono yako njo inaushikilia?"

Ningeweza kumdanganya, apate moyo. Lakini alikuwa ameuliza vizuri, na mimi huheshimu swali zuri. "Hapana," nikasema. "Unajishikilia wenyewe."

"Basi uache uko," akasema. "Kuya unishike miye."

Nilitoa mkono. Nikatambaa hadi kwake, nikapiga magoti katika maji ya sakafuni, nikamshika mikono yote miwili, na sikugeuka tena kuangalia nyuma mpaka tulipogusa mchanga wa Kalemie.